Mwali wa Ndani ya Karai

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, na ilianza kwa kufua nguo. Nilikuwa nimeinama kwenye beseni nyuma ya nyumba yetu pale Ngokolo, Shinyanga mjini, povu limenifika viwikoni, mara nikamwona mama mkwe wangu anakuja akinyata. Yule mama alikuwa mtu wa mwili, na mtu wa mwili akinyata ujue kuna jambo. Akanishika bega, akaninong'oneza, "Bebe," ndiyo "wewe" yetu ya Kisukuma, "acha hizo nguo. Nimemjua aliyekufunga."

Usicheke kwanza. Ilikuwa miaka ya sabini, nami Kabula nilikuwa binti wa Bugarama, kwa wakulima na wafugaji, niliyeolewa mjini na Masanja, fundi wa mota katika kiwanda cha kuchambua pamba. Masanja alikuwa mume mpole asiyependa maneno. Ukimuuliza leo kama mboga ina chumvi, atakujibu kesho. Tuliishi na mama yake, Mama Masanja, na ndoa yetu ilikuwa inaingia mwaka wa tatu bila mimi kushika mimba hata ya kusingizia. Siku hizi mnakwenda hospitali wawili, mnapimwa wawili. Wakati wetu aliyepimwa alikuwa mwanamke peke yake, na kipimo kilikuwa macho ya mama mkwe, yakitua tumboni kila mwezi.

Mama Masanja hakuwa mtu mbaya, hilo nataka ulijue mapema. Aliniuguza homa mbili kubwa, akanilisha uji kwa mkono wake. Lakini alikuwa na mwana mmoja tu, na alikwisha kunieleza bila kuficha: mavuno ya mwaka ule yakipita hivi hivi, nitarudishwa kwetu na ng'ombe wake warudi. Ng'ombe wenyewe hawakuwapo tena. Kaka yangu alikuwa amewatoa mahari yake, ana mke na mtoto mchanga mgongoni. Mimi nikirudishwa, zilikuwa zinavunjika nyumba mbili, yangu na ya kaka.

Sasa huyo aliyenifunga. Upande wa mashariki, ng'ambo ya ua wa minyaa, aliishi mjane mzee aitwaye Bi. Mwanaidi. Asili yake Pangani. Mumewe ndiye aliyemleta bara zamani, akafanya kazi ya bustani katika nyumba za wakubwa wa mgodi wa almasi, kisha akafariki na kumwacha hapo. Kiswahili chake kilitiririka kama maji ya mfereji. Sisi wa huku, ambao Kiswahili tulikisomea shuleni baada ya Kisukuma cha nyumbani, tulikuwa tunamwitikia "ndiyo, Bibi" hata pale tusipoelewa, kwa kuona haya. Balaa liliingilia hapo hapo.

Asubuhi ile Mama Masanja alikuwa anachuma mlenda karibu na ua, akamsikia Bi. Mwanaidi anamwambia mgeni wake, tena kwa sauti ya kujisifu, "Mwali nimemfunga vizuri, viungo vyote. Na mwaka huu hazai. Nimemkatalia."

Nikuulize wewe, mwanangu. Una mkwe asiyezaa, na jirani yako anasema amemfunga mwali na kumkatalia kuzaa. Ungelielewaje neno hilo? Mwali ni nani tena, kama si bibi harusi wa nyumba ya pili?

"Lisemwalo lipo," Mama Masanja akaniambia, "na kama halipo laja. Hili lipo. Nimechungulia kwenye minyaa nikaona. Ana mti ndani ya karai. Mti mzee, una mizizi mikavu kama vidole vya bibi yangu, lakini urefu wake haufiki gotini. Kila tawi ameutia waya. Nani alishaona mti mzee usiokua?"

Nikasema sijawahi kuuona.

"Baba yako alikuwa mchungaji, wewe unaijua miti. Nenda kwake na sababu yoyote, ukautambue. Ukiwa mkuyu tu, nitafikiri tena. Ukiwa mlumba, nimemaliza, naenda kwa balozi."

Balozi, kwa ninyi mliozaliwa juzi, alikuwa kiongozi wa nyumba kumi. Serikali yetu ya karibu ilikuwa yeye. Na mlumba ni ndugu wa mkuyu, lakini haulingani nao kwa heshima. Mkuyu huota popote kando ya mto, na nyani ndio wenye shamba. Mlumba kwetu ulipandwa nyumbani, wazee walitambikia chini yake, na hakuna aliyethubutu kuutia shoka. Ulikuwa mti wa ukoo. Kwa hesabu ya Mama Masanja, aliyeufunga mlumba ameufunga ukoo, na ukoo huo ulikuwa wake.

Nitakuambia nilivyojisikia, maana sipendi nasaha za mtu anayejifanya alizaliwa mzee. Nilifurahi. Kama nimefungwa, basi sina ubovu wowote, na kilichofungwa kinafunguliwa. Nilijua pia litakalompata Bi. Mwanaidi. Mwanamke mzee, mjane, mgeni, akishapakwa jina la uchawi katika nchi yetu ya wakati ule, akinusurika na nguo zake mwilini ashukuru. Nilijua, na bado nilikwenda upesi.

Nikapiga hodi. Akanikaribisha kama mtu aliyekuwa akinisubiri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekumbuka mlango!"

Nikamwambia nimesikia ana mti mzuri, nimekuja kuutazama. Uso wake ukafunguka wote. "Ah! Umekuja kumwona Mwali!"

Akanipeleka uani. Mti ulikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, ndani ya karai la kubebea zege lililokatwa kingo likawa la kina kifupi. Akanieleza huku akiuzungusha taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto aliyevikwa nguo mpya. Marehemu mumewe aliukuta umeota kwenye ufa wa ukuta wa duka moja bovu. Ndege ndiye aliyeupanda, kwa tumbo lake. Mwenye duka alitaka kuumwagia mafuta ya taa, mzee akaomba aung'oe yeye. Kule kwa wakubwa wa mgodi alikuwa amemwona mhandisi mmoja Mjapani akikuza mti ndani ya sahani, mti wenye umbo la mti mkubwa lakini wa kukaa mezani. Mjapani aliuita bonsai.

"Mimi ulimi wangu ukakataa jina hilo," akasema. "Nikamwita Mwali. Kwetu pwani mwali ni binti aliyewekwa ndani anafundwa, hatoki mpaka siku yake. Na huyu je? Yumo ndani ya karai, anafundwa."

Mwanangu, nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Mwali ni mti! Lakini bado nilikuwa na lile la kuzaa moyoni, nikamwacha aendelee.

Akanionyesha alivyoufunda. Chini ya karai alitoboa matundu kwa msumari ili maji yasituame, maana mti huu unavumilia kiu kuliko tope. Udongo wake mchanga wa mtoni, samadi iliyooza na vipande vya matofali yaliyopondwa. Mvua za kwanza zikianza humwinua Mwali, humpunguzia mizizi minene na kumwachia ile myembamba, kisha humrudisha. Tawi likiwa bado laini hulizungushia waya wa shaba na kulipindisha kidogo kidogo. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, "lakini usimkunje ukamvunja." Kwenye tawi moja mzizi ulikuwa unaning'inia hewani ukitafuta ardhi, alikuwa ameuingiza ndani ya kikonyo cha jani la mpapai, kile chenye uwazi kama bomba, akakijaza mchanga wenye unyevu ili mzizi ushuke humo mpaka kwenye udongo. Sikuwahi kuona ujanja wa namna hiyo, na huku nilikuja kumfanya mchawi.

"Sasa nisaidie wewe," akaniambia. "Mie mtu wa pwani, marehemu aliuita mkuyu nami nikafuata. Wewe mwenyeji. Huu ni mti gani?"

Swali lile lile nililotumwa nalo, ananiuliza mwenyewe.

Nikainama nikatazama kama baba alivyonifundisha machungani. Nilikwanyua jani moja, maziwa meupe yakatoka. Hiyo ni jamaa ya mkuyu, lakini minyaa nayo ina maziwa, kwa hiyo usikomee hapo. Nikatazama ncha ya kijiti: jani changa limefunikwa na kikofia kilichochongoka, na pale kikofia kilipoanguka zamani kimeacha pete kukizunguka kijiti chote. Hapo hakuna shaka tena, ni jamaa. Kisha nikapitisha kidole juu ya jani. La mkuyu lina mikwaruzo kama ulimi wa paka. Hili lilikuwa laini, linang'aa. Na tunda la mkuyu hushika kwenye shina na matawi makubwa, lakini hapa niliona vikovu vidogo, viwili viwili, kwenye kwapa za majani.

"Ni mlumba, Bibi."

"Mlumba!" Akalirudia jina mara kadhaa, akilionja. "Mlumba. Miaka yote hii namlea mtu simjui kabila."

"Na hivi vikovu?"

"Ah, hivyo ni vitunda. Nimevichuma vingali kama punje za ulezi. Mwaka huu nilimkata mizizi sana, akizaa atachoka. Nimemkatalia. Mwakani atazaa."

Nikalia. Sikutaka, machozi yalikuja yenyewe, nikamweleza yote: mama mkwe kwenye mlenda, ng'ombe wasiokuwapo, balozi, na kwamba nilikuja kwake kama mpelelezi. Bi. Mwanaidi akakaa chini polepole. Alikuwa na macho mekundu yule bibi, kwa moshi wa kuni za miaka mingi, na sote tunajua katika nchi yetu macho mekundu ya kikongwe yalisomwaje.

"Unajua watanifanya nini," akasema. Hakuuliza.

"Najua."

"Ulijua ulipokuwa unakuja?"

Nikaitikia kwa kichwa. Basi akanikemea, na ndilo kemeo nililolitunza mpaka leo. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, kati ya nyumba yenu na yangu kuna minyaa, hakuna bahari. Neno likiruka ua likakudondokea, usilibebe kwenda nalo mbele. Zunguka ulifuate mlangoni lilikotoka, uliulize: wewe ni neno gani, na baba yako nani? Kuuliza si ujinga. Mama mkwe wako amesikia maneno yangu yote sawasawa, hakukosea hata moja. Lakini hakuniona nilikuwa ninamtazama nani."

Jioni nikarudi nyumbani. Mama Masanja alikuwa kwenye kigoda, Masanja kando yake, ugali katikati, na hakuna aliyekuwa anakula.

"Bebe, ni mti gani?"

Hapa nataka unisikilize, mwanangu. Sikuhitaji kusema uongo ili nipone. Nilihitaji neno moja tu, mlumba, kisha ninyamaze. Lingekuwa kweli tupu. Na kweli ile tupu ingemmaliza jirani yangu na kuniachia mimi mume, nyumba na ng'ombe wa kaka. Ukweli ukikatwa nusu hukata kuliko uongo. Nilitazama ule ugali mpaka ukaanza kuota ukoko juu, kisha nikasema.

"Ni mlumba, mayu," nikimwita mama kwa Kisukuma. "Lakini Mwali ni huo mti wenyewe, ndilo jina lake. Waya ni wa kuupa umbo. Kuzaa alikoukatalia ni kwa vitunda vyake. Hakukutaja wewe wala mimi."

"Kwa hiyo wewe hujafungwa."

"Sijafungwa."

"Basi kinachokuzuia ni nini?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo tangu nilipotoka kwa Bi. Mwanaidi, na lilipofika liliniuma kama sikulitarajia. "Sijui, mayu," nikasema. Masanja aliinua macho akanitazama, kisha akayateremsha.

Mama Masanja hakuridhika. Alisema nimelishwa kitu huko. Asubuhi akaenda kwa balozi, wakaingia uani kwa Bi. Mwanaidi: balozi mbele, Mama Masanja na panga lake nyuma, Masanja na mimi mkiani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye minyaa kama kuku kwenye uchaga.

Balozi alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. "Bibi," akasema, "fungua tu hizi waya, twende zetu."

"Nitafungua, baba," akajibu Bi. Mwanaidi. "Lakini niulize. Nikifungua leo, na mwezi ujao binti huyu akashika mimba, mtasemaje?"

"Tutasema ulikuwa umemfunga," akadakia Mama Masanja.

"Na nikifungua asishike?"

"Tutasema una fundo jingine umelificha."

Balozi akakohoa. Mtu mmoja kwenye ua akacheka, akafinywa akanyamaza. Mama Masanja naye aliona alipojiingiza, akarukia lingine. "Na waya huu? Waya wa shaba unatoka wapi kwa mjane? Ni wa mganga gani?"

Ndipo Masanja wangu, mtu wa kujibu kesho, akajibu leo. "Ni wa kwangu, mama. Mota iliungua kiwandani, waya ukatupwa. Bibi aliniomba, nikampa."

Natamani ungeuona uso wa mama mkwe wangu. Mdomo ulifunguka ukabaki wazi. Waya uliomfunga mkwe wake umetoka mfukoni mwa mwanawe!

Lakini hasira ikiaibishwa hukua. Akalinyanyua panga, akausogelea mti. Nami nilijua hataukata, kama alivyojua mwenyewe: mlumba haukatwi. Mkono ulibaki hewani, hauwezi kushuka wala kurudi, na watu wanatazama. Hapo nilimhurumia. Bi. Mwanaidi naye nadhani alimhurumia, kwa sababu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Aliliinua karai kutoka kwenye kinu, akalinyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

"Chukua, mwenzangu. Mwali ni wako kuanzia leo. Ukitaka fungua, ukitaka acha. Mpe maji asubuhi, mtoe juani. Mchawi hamkabidhi mtu uchawi wake mchana kweupe mbele ya balozi."

Mama Masanja akarudi hatua nyuma. Karai likawa linalemea mikono ya yule bibi mzee, na hakuna aliyesogea. Nikaenda nikalipokea mimi. Kumbuka, ule ulikuwa mti wa marehemu mumewe, kitu pekee chenye uhai alichomwachia. Aliuachia kidole kimoja kimoja.

Basi Mwali akahamia kwetu. Siku za kwanza Mama Masanja alimzunguka kwa mbali kama mtu aliyemwona chatu. Mavuno yakaja, yakapita. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikasubiri neno, neno halikuja. "Tungoje kidogo," alisema, akitazama karai. Waya ulipoanza kula gome nilikwenda mlangoni kwa Bi. Mwanaidi kuuliza, akaniambia niukate vipande vipande bila kuuvuta, kisha nifunge matawi mengine kwa waya mpya, usiobana. Nikafanya hivyo, na aliyenishikia ule waya ukiwa mviringo mikononi alikuwa mama mkwe wangu. Asubuhi moja nilitoka mapema kuchota maji, nikamkuta ameinama na kikombe. "Mwangaluka, Mwali," alikuwa anauambia, ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Nikarudi ndani taratibu, nikauma kanga nisicheke.

Mvua zilipokolea Mwali akazaa. Wawili wawili kwapani mwa majani, kama ilivyo kawaida ya mlumba. Na nikuambie jambo ambalo hata Bi. Mwanaidi lilimstaajabisha kila mara: majani ya mti ule yalikuwa yamepungua yakawa madogo, lakini matunda hayakupungua. Yalikuwa sawa na ya mlumba wowote wa porini. Ndege walikuja kuyadonoa.

Mama Masanja alikaa mbele ya karai muda mrefu, mikono mapajani. "Amefungwa," akasema, "na amezaa."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na ungo wa mchele. Najua alikuwa anasikia ninavyopumua.

"Na wewe hukufungwa, na hujazaa."

"Ndiyo, mayu."

"Basi hili halina mwenye kosa." Akageuka akanitazama usoni, si tumboni. "Nilitafuta wa kumlaumu kwa sababu nilikuwa naogopa. Kaa kwako, mwanangu. Ng'ombe wamekwisha kula majani ya huko, hawatarudi."

Kisha akajaza karanga kwenye kapu, akajifunga kanga safi, akazunguka ua mpaka mlangoni kwa Bi. Mwanaidi. Nilisikia hodi yake, nikasikia karibu. Waliyosemezana ndani sikuyasikia, wala sikutega sikio.

Wakati ule pale mjini, kama ilivyo sasa, mwanamke aliyeolewa alipewa heshima kwa jina la mtoto wake: Mama Kulwa, Mama Neema. Mimi kwenye bomba la maji nilikuwa "mke wa Masanja", na jinsi walivyolitamka unaweza kukisia. Siku moja nilikuwa kwenye foleni na mama mkwe wangu, mwanamke mmoja akaniita hivyo ili nisogeze ndoo. Mama Masanja akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ana jina huyu. Anaitwa Mama Mwali." Wakacheka. Kesho yake waliniita hivyo kwa utani, keshokutwa wakaniita hivyo kwa kuzoea, na ndilo jina langu Ngokolo nzima hadi leo. Siku ile nilirudi nyumbani na ndoo kichwani nikilia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Sikuzaa, mwanangu. Nilingoja miaka mingi, kisha nikaacha kungoja. Masanja hakuoa mwingine. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu baada ya siku mbili kwamba anaona chakula changu kina chumvi ya kutosha. Na Bi. Mwanaidi alifia Ngokolo, kitandani mwake, kwa uzee, mtu mwenye jina safi. Alipokuwa mgonjwa aliyempelekea uji kila asubuhi alikuwa Mama Masanja, kupitia mlangoni.

Haya ndiyo ninayotaka uyachukue. Jambo usilolielewa, usilipe jina kwa haraka. Litazame kama tunavyoutambua mti, maana maziwa peke yake hayakutoshi, ungeuita mlumba mnyaa. Utazame jani, uguse, utafute na pete kwenye kijiti, na ukikwama mwulize mwenye mti. Uliyoyasikia kwa masikio yako mawili yanaweza kuwa kweli kila neno, na bado ukawa umeelewa uongo, kwa hiyo zunguka mpaka mlangoni, hata kama njia ya uani ni fupi. Ukiona ukweli nusu unakufaa wewe na unamuua mwenzako, umalizie nusu ya pili ingawa itakugharimu. Mimi ulikuwa unanigharimu nyumba. Ukijaliwa watoto wa kulea au wakwe wa kuishi nao, wafunde wangali laini, ila usisahau waya kwenye tawi, maana mti hukua siku zote na wenye kufunga husahau. Na mtu akikosa kitu ambacho wote wanacho, usimtafutie mchawi wala usimtafutie kosa. Mpe maji. Muite kwa jina zuri.

Nenda sasa, jua limeshuka. Mungu akulinde ulimi na masikio, akuweke kati ya majirani wanaobisha hodi. Akupe uzao, wa tumbo au wa mikono, kwa namna anayoijua Yeye. Na akikawia kukupa, akupe watu wa kukaa nao ukingoja, ambao hawatahesabu miezi yako.